Hukuniuliza habari za muosha

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeisoma, kisha nikamsomea mama yako, naye akasema hilo ni swali la mtu anayetaka jibu la neno moja. Unauliza kama wapo watu wanaozaliwa na ukali, na ukali wao ndio unaowatafutia chama cha kuingia, au chama ndicho kinachomchukua mtu mpole kikamgeuza. Ukaniandikia na habari za mtaalamu Adorno na wenzake, waliotunga dodoso la kumpima mtu kama ana hulka ya kunyenyekea wakubwa na kuwakanyaga wanyonge, kitabu chao kikatoka mwaka 1950. Na mwanasaikolojia Rokeach, aliyesema vichwa vigumu havikai mrengo mmoja tu.

Mimi nilisomesha hesabu, saikolojia siijui. Lakini kila nikifika kwenye hiyo "hulka" yako, anayenijia ni muosha maiti wa mtaani kwetu. Mama yako anasema hiyo siyo hoja. Basi asubiri.

Bibi yako alifariki mwanzoni mwa 1996, wewe ukiwa bado mgongoni. Uchaguzi wa urais hapa Zanzibar, wa Oktoba 1995, ulikuwa umeshapita: Dkt. Salmin wa CCM asilimia 50.2, Maalim Seif wa CUF 49.8, na tofauti hiyo kila upande una lake la kusema mpaka leo. Pemba CUF walichukua viti vyote 21. Unguja CCM wakachukua vyote isipokuwa vitatu. Kwa hiyo kila kisiwa kilikuwa na wengi wake na wachache wake, na wachache wakakiona cha mtema kuni. Watu walisusiana. Kwenye duka la "wale" hununui hata kiberiti. Gari yao hupandi, bora uende kwa miguu na mzigo wako kichwani. Harusi zikagawanyika, maziko yakagawanyika. Sisi tulikuwa upande gani unajua, sitaandika hapa, maana barua zangu unawasomea wenzako chuoni, na wakishajua chama hawatasikiliza lililobaki.

Bibi yako alikata roho baada ya sala ya alfajiri. Muosha tunaye mtaani, nyumba ya tatu, kisima chetu kimoja. Yeye ndiye aliyemkosha mama yake bibi yako, akamkosha na shangazi yako mkubwa. Nikamtuma ami yako akamwite. Akarudi akasema ameambiwa mama anaumwa kiuno. Sawa, kiuno huuma. Saa nne nikapita kwenda kutafuta sanda, nikamwona uani kwake anatwanga. Mchi unapanda, unashuka, kiuno kizima. Macho yetu yakakutana. Hakuacha kutwanga, ila unajua kutwanga kuna mwendo wake; ule mwendo ukakatika, akawa anapiga kinu ovyo, mara ukingoni, mara chini. Nimesahau mengi ya siku ile. Kile kinu sijakisahau.

Tukamfuata muosha mwengine, mbali, na gari hatukupata. Maiti ikalala mpaka baada ya alasiri, na ilikuwa kaskazi, jua hilo. Jeneza ambalo siku zote watu huligombania mabegani, tulilipokezana sisi kwa sisi mpaka makaburini.

Sasa nitasema lile neno langu, na wewe na ndugu zako mcheke: mtu haogopi adui yake, anaogopa wenzake. Yule mama hakuwa na chuki na bibi yako. Wamekopeshana chumvi miaka. Lakini pale maskani, kijiwe cha chama, walikaa vijana wakitazama nani anaingia nyumba ipi, na jioni majina yalitajwa. Angeonekana kwetu, kesho duka la mumewe lingekosa wateja, tena wateja wa chama chake mwenyewe. Kususiwa na adui mtu hukuvumilia, hata hujisifu nako. Kususiwa na wako hukuwezi.

Lakini hapo ndipo unaponibana na wale watoto wa Bristol, Uingereza, wa kwenye barua yako. Nimeurudia ule ukurasa: mwanasaikolojia Tajfel aliwagawa wavulana wa skuli kwa jambo la kipuuzi, eti huyu amependelea picha za mchoraji Klee, huyu za mchoraji Kandinsky. Halafu kila mmoja akakaa peke yake, akaambiwa awagawie wengine pesa. Hawajui majina, haonekani anampa nani, mwenyewe hapati kitu. Na bado walipendelea kundi lao. Wengine walikubali kundi lao lipate kidogo, ilimradi lile jengine lipate pungufu ya hapo. Hakuna maskani pale, hakuna wa kumwogopa. Nimekaa na jambo hili siku kadhaa, sina la kulijibu. Labda mtu hubeba maskani kichwani mwake. Labda mimi ndiye ninayemtafutia muosha udhuru.

Maana wapo waliofurahia, nisikufiche. Kuna mwanamme alipita mbele ya jeneza akaongeza sauti ya redio. Huyo hakumwogopa mtu. Kwa huyo dodoso la Adorno lingefaa.

Lakini tazama na hili. Bibi yako mwenyewe aliziona zama za siasa, vyama vya Hizbu (ZNP) na Afro (ASP), tangu 1957. Alikuwa akituhadithia namna watu walivyosusiana maduka, wakasusiana na maiti vilevile, mpaka ikafika Juni 1961, siku ya kura, ghasia zikazuka, wakafa watu 68. Vikaja vyama vingi tena mwaka 1992 na hakuna aliyehitaji kufundishwa. Kama ni hulka, ilikuwa imejificha wapi miaka yote ile ya chama kimoja? Utasema iliogopa serikali. Sawa, haya, basi tumerudi kwenye woga.

Na siasa hii ya kususiana ilivyokwisha ndivyo inavyoniuma kuliko ilivyoanza. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif wakakutana Ikulu. Watu wawili, mazungumzo ya faragha. Hata kura ya maoni ya serikali ya umoja wa kitaifa, ya Julai 2010, haijafika, ile iliyopita kwa asilimia 66.4, mume wa muosha akaja barazani kwetu jioni moja, akakaa, akaomba kahawa, akaniuliza hali ya karafuu mwaka ule. Hakutaja kitu. Nilifurahi, wallahi nilifurahi, nikamwongezea kikombe cha pili. Usiku usingizi ukanipaa. Kama ilikuwa nyepesi hivyo kuivua, kwa nini hawakuivua siku ile moja tu, saa mbili tu, mpaka bibi yako azikwe?

Halafu Oktoba 2015 uchaguzi ukafutwa, na haikupita wiki nikaona salamu zinapunguzwa tena. Safari hiyo baraza haikuvunjika kabisa. Yule mzee alikuja, ila alikaa upande wa ndani, penye kivuli cha mlango.

Kwa utafiti wako, ukiwahoji watu usianze na nani wanamchukia. Hilo watakujibu haraka, wamelikariri. Waulize nani wa upande wao wasingependa awaone.

Swali lako la mwanzo nimelipita pembeni, najua. Kuhusu muosha, kama alikuwa mwoga au alikuwa mbaya, jibu ninalo tangu 1996. Nililiandika hapa, mama yako akaliona, akaniambia nilifute, kwa kuwa mtoto wa huyo muosha ndiye anayetuletea dawa zangu za presha kutoka mjini na hataki hata senti ya nauli. Nimelifuta. Ukija Idi nitakwambia.

Baba yako