Gesi ni ya bure, haidrojeni siyo

Mdogo wangu, unauliza kama kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye matangi ya kuchachushia bia hapo kazini kwenu inaweza kugeuzwa methanoli (alkoholi ya viwandani) ya kuuza, maana inatupwa tu. Inawezekana. Iceland walishafanya: kiwanda kiitwacho George Olah, pale Svartsengi, kilijengwa kutengeneza tani 4,000 hivi kwa mwaka kwa gesi ya kituo cha umeme wa jotoardhi.

Lakini piga kwanza hesabu ya haidrojeni. Kilo moja ya methanoli inakula karibu kilo 1.4 za kaboni dayoksaidi na gramu 190 za haidrojeni, na kuipata haidrojeni hiyo kwa kutenganisha maji kunataka umeme wa uniti 10 hivi. Methanoli yenyewe ina nishati ya uniti 5.5 tu. Chukua bei ya uniti kwenye bili yenu ya umeme uzidishe kwa kumi, utaona mwenyewe.

Mimi ningeisafisha hiyo kaboni dayoksaidi yenyewe, niijaze kwenye mitungi na kuwauzia watengeneza soda. Gesi ya uchachushaji huwa safi sana. Na tafadhali, methanoli usiijaribu nyumbani: mwali wake hauonekani mchana, na ukiinywa hata kidogo inapofusha.