Swali la lugha: Hataza, hakimiliki na kofia ya fundi wa kuchomelea

SWALI: Salaam, Mwalimu. Ninatafsiri wasifu mfupi wa James Fergason, mvumbuzi wa Marekani, utakaochapishwa katika jarida la chuo kimoja cha ufundi hapa Nairobi. Nimeandika hivi: "Fergason aligundua teknolojia ya maonyesho mwaka 1973 na kutunukiwa hakimiliki nyingi, zikiwemo za mavazi ya kinga ambamo macho ya fundi yanakingwa na mwanga mkali." Mhariri ameirudisha sentensi hiyo akisema "hakimiliki" si neno lake, niandike "patenti". Je, ni kweli? – Msomaji, Kariobangi

JIBU: Salaam, ndugu. Mhariri wako yuko sahihi kuhusu neno hilo, ila ameacha mengine yanayoumiza maana zaidi. Sentensi yako inasomeka vizuri, na hapo ndipo hatari ilipo: msomaji ataipokea bila kushtuka, na karibu kila nomino na kitenzi kilichomo kitampa habari isiyo ya kweli.

Hakimiliki ni haki ya mwandishi, mwanamuziki au mchoraji juu ya kazi yake. Humjia pale tu anapoiweka kazi hiyo katika umbo la kudumu, hata asipoisajili, na nchini Kenya hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Haki ya mvumbuzi haiji hivyo. Ni lazima aiombe, ombi lichunguzwe, na ikitolewa hudumu miaka 20 kuanzia siku ya kuwasilisha ombi, mradi ada za kila mwaka zinalipwa. Haki hii ndiyo hataza. "Patenti" inaeleweka na sitaiita kosa, lakini hataza ni neno lililokwisha kukomaa katika Kiswahili sanifu na halina sababu ya kukaa nje. Ni nomino ya ngeli ya I-ZI: hataza hii, hataza hizi. Ukiona mtu ameandika "mahataza", mrekebishe.

Tofauti hii si ya kamusini tu. Hapa Kenya hataza hutolewa na KIPI, taasisi ya mali ya viwanda, na mambo ya hakimiliki yako chini ya KECOBO, bodi ya hakimiliki. Fundi anayeambiwa "kasajili hakimiliki ya mtambo wako" atapanga foleni mlango usio wake. Chukua fundi wa Kamukunji aliyetengeneza kofia mpya ya kuchomelea vyuma. Namna kioo cha kofia hiyo kinavyofanya kazi, ikiwa ni jambo jipya, ni ya hataza. Umbo lake la nje, yaani mikunjo na mwonekano unaoitofautisha na nyingine, husajiliwa kama usanifu wa umbo: miaka 5, na huweza kuhuishwa mara mbili. Jina alilolibandika kwenye paji la kofia ni alama ya biashara. Kijitabu cha maelekezo alichokiandika ndicho kilicho na hakimiliki. Kofia ni moja, maneno manne, na hakuna linaloweza kusimama badala ya jingine.

Sasa kitenzi "kutunukiwa". Kutunuku ni kumpa mtu kitu kwa heshima au kwa mapenzi. Fergason alitunukiwa Tuzo ya Lemelson-MIT, tuzo ya wavumbuzi ya Marekani, mwaka 2006. Hapo kitenzi kimekaa penyewe. Hataza haitunukiwi. Huombwa, huchunguzwa, kisha hutolewa au hukataliwa. Tumia jozi hii: aliomba hataza, alipewa hataza. Na jozi hiyo usiitenganishe na tarehe zake, kwa sababu mwaka uliouandika, 1973, ni wa kupewa. Hataza yake ya Marekani nambari 3,731,986, inayohusu skrini za fuwele kioevu (kitu kinachotiririka kama kioevu ilhali molekuli zake zimejipanga kama za fuwele), iliombwa tarehe 22 Aprili 1971 na kutolewa tarehe 8 Mei 1973. Huko Uswisi, kampuni ya Hoffmann-La Roche ilikuwa imewasilisha ombi la wavumbuzi wake, Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, kuhusu jambo hilohilo tarehe 4 Desemba 1970. Kukazuka mvutano wa kisheria juu ya nani alitangulia. Katika mvutano wa namna hiyo miezi huhesabiwa mmoja mmoja. Nawe kwa kuandika "mwaka 1973" bila kusema ni mwaka wa nini, umemchelewesha Fergason miaka miwili.

"Aligundua" ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kugundua ni kukiona kilichokuwepo tayari ila hakijajulikana. Aliyegundua fuwele kioevu ni Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria, mwaka 1888. Alikuwa na kemikali iliyoyeyuka mara mbili: ilipofika nyuzi 145.5 za selsiasi ikawa kioevu chenye ukungu, na ilipofika nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka. Kitu hicho kilikuwepo katika maumbile, yeye alikiona. Fergason hakugundua, alibuni. Na katika sheria ya Kenya ugunduzi pekee hauhesabiwi kuwa uvumbuzi, kwa hiyo haupewi hataza. Anayeandika "aligundua na kupewa hataza" anajipinga katika pumzi moja.

Vipi kuhusu "kuvumbua"? Neno hili limebeba mizigo miwili tangu zamani: kufichua kilichofichika na kuunda kisichokuwepo. Mvumbuzi kwa maana ya mtu mwenye hataza limekwisha kukubalika, liache. Lakini katika kitenzi, penye hatari ya kuchanganya, mimi huona "alibuni" au "aliunda" ni salama zaidi. Angalia tu usiseme "ya kubuni" peke yake, maana hadithi ya kubuni ni ile isiyotokea.

Tuje kwenye "teknolojia ya maonyesho". Mtu wa Nairobi akisikia maonyesho anafikiria Jamhuri Park: ng'ombe wa gredi, matrekta, watoto wa shule wamepanga mistari. Onyesho nalo ni sehemu ya tamthilia. Unachokitafuta ni kile kinachotoa picha au tarakimu kwenye saa, kikokotoo, runinga au simu. Kuna maneno matatu yanayogombea nafasi hiyo.

La kwanza ni kiwambo. Linatokana na kuwamba, yaani kuitandaza ngozi na kuikaza juu ya mzinga wa ngoma au juu ya fremu. Ni neno zuri, nalo linaeleza umbo: kitu bapa kilichokazwa ndani ya fremu. Walimu wengi huandika kiwambo cha tarakilishi. La pili ni skrini, ambalo kila mtu analijua. La tatu ni kioo, na hili ndilo linalotaka uangalifu. Ukipeleka simu kwa fundi wa Luthuli Avenue, atauliza kwanza: ni kioo au ni skrini? Kioo kikipasuka na picha ikaonekana bado, hubadilishwa kigae cha juu tu. Skrini ikifa, kioo kinaweza kuwa kizima bila mkwaruzo na picha isitokee. Ni kazi mbili na bei mbili. Fundi ametenganisha jambo ambalo mfasiri analichanganya, na katika maandishi ya hataza fuata fundi: skrini au kiwambo kwa kitoa picha, kioo kwa kigae.

Hata hivyo, "hataza ya skrini" bado ni pana mno. Hakuna aliyepewa hataza ya skrini zote. Hataza hulinda yale tu yaliyoandikwa katika madai yake, nayo huwa membamba. (Madai hapa ni tamko la kisheria la mipaka ya haki, si yale ya magazetini ambayo hayajathibitishwa, eleza hivyo mara ya kwanza unapolitumia.) Alichokiombea Fergason ni namna ya kuutumia msokoto. Fuwele kioevu hutandazwa, unene wa mikromita chache, kati ya vigae viwili vya kioo. Molekuli zake hupangwa zikajisokota robo mzunguko, nyuzi 90, kutoka kigae kimoja hadi kingine. Vigae hivyo vimewekwa kati ya vichujio viwili, kila kimoja kikipitisha tu mwanga unaotetema upande mmoja. Mwanga uliopita kwenye kichujio cha kwanza hugeuka pamoja na msokoto huo, hivyo unafika kwenye kichujio cha pili, kilichokingama na cha kwanza, ukiwa umeelekea sawa, nao hupita. Zikiwekwa volti chache, msokoto hufumuka, mwanga haugeuki tena, kichujio cha pili kinauzuia, na sehemu hiyo inaonekana nyeusi. Kwa hiyo andika "skrini za fuwele kioevu zenye msokoto", nawe utakuwa umetaja kitu chenyewe.

Teknolojia hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye kofia za mafundi. Kioo cha kofia ya kisasa huwa na kiwango cha giza cha 3 au 4 fundi anapopima na kushika chuma. Mwako wa umeme ukiwaka, kihisi kinautambua na kioo kinafika kiwango cha kati ya 9 na 13 kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Wafasiri wengi huandika "kioo kinachojitia giza". Sikipendi, kwa kuwa kujitia ni pia kujisingizia: anajitia mjuzi, anajitia hamnazo. Kiswahili kina kukolea, linalotumika kwa rangi, chumvi na sukari. Kioo kinachokolea chenyewe: kifupi, na fundi analielewa bila ufafanuzi.

Jambo moja usilipoteze katika tafsiri hapa. Giza linalokolea huzuia mwanga unaoonekana. Mionzi ya urujuanimno na ya infraredi huzuiwa na kichujio kingine kisichobadilika, kinachofanya kazi hata betri ikiisha. Ukiandika kwamba kioo "huzuia mionzi kinapokolea", utamfanya fundi adhani kioo cheupe hakimlindi kabisa, au kibaya zaidi, kwamba miwani yoyote nyeusi inatosha. Miwani ya jua ya kawaida haitoshi. Macho yaliyochomwa na mwako huanza kuuma saa kadhaa baadaye, usiku, kama yaliyotiwa mchanga.

Na hapo tunafika kwenye "yanakingwa na mwanga mkali". Kukinga ni kuweka kitu njiani mwa kinachokuja, ama kukizuia ama kukipokea. Ndiyo maana tunakinga maji ya mvua kwa pipa. Anayelindwa hukaa baada ya kitenzi, na kinachozuiwa hufuata "na": kofia humkinga fundi na cheche. Ukisema "kofia hukinga cheche", mtu anaweza kuona kofia iliyopinduliwa, cheche zinadondokea ndani kama maji. Lakini "na" hiyohiyo hutambulisha mtendaji katika kauli ya kutendwa: alipigwa na fundi, alikingwa na kofia. Hivyo "macho yanakingwa na mwanga" inasema mwanga ndio mlinzi. Katika kauli ya kutendwa tumia "dhidi ya" bila kusita: macho yanakingwa dhidi ya mwanga mkali. (Kinga ya methali ya "kinga na kinga ndipo moto uwakapo" ni nyingine kabisa, ni kijinga cha moto.)

"Mavazi ya kinga" si kosa, ila kinga peke yake humpeleka msomaji wa leo kwenye chanjo. "Mavazi ya kujikinga" yanamrudisha kwa mvaaji. Na kuhusu "kuchomea" na "kuchomelea": kuchomea ni kuchoma kwa kutumia kitu au mahali fulani, kuchomelea ni kuunganisha chuma kwenye chuma. Mahindi huchomewa jikoni, geti huchomelewa.

Sentensi yako ningeiandika hivi:

"Fergason alibuni skrini za fuwele kioevu zenye msokoto, aliomba hataza yake mwaka 1971 na kupewa mwaka 1973. Baadaye alipewa pia hataza zinazohusu vioo vinavyokolea vyenyewe, ambavyo huwekwa kwenye kofia za mafundi wa kuchomelea ili kuwakinga macho na mwanga mkali."

Kama mhariri atataka nambari ya hataza iwekwe, iandike kwa tarakimu na uitangulize nchi, "hataza ya Marekani nambari 3,731,986", kwa sababu kila nchi hutoa hataza zake na nambari zake.