Conclusive, decisive, irrefutable: uchague ipi

Habari mkuu. Kwa hiyo umeandika conclusive evidence (ushahidi unaofunga mjadala) kila aya kwenye ripoti yako, unataka neno la kubadilishia, na kamusi imekupa decisive, definitive, irrefutable na convincing ukaona zote ni zilezile. Hapana, haziko sawa.

Cheki kwanza nomino inayofuata. Kama ni evidence au proof, irrefutable ndo iko karibu zaidi, ila ni kali, iweke pale ambapo kweli hakuna wa kubisha. Convincing ni nyepesi, inasema tu umeshawishika, na ushahidi unaweza kukushawishi leo halafu kesho ukaanguka. Decisive mi naiweka kwenye goli, vita au kura, yaani kitu kilichoamua matokeo, decisive goal iko poa lakini conclusive goal hakuna anayesema hivyo. Definitive, yaani la mwisho na la uhakika, inakaa vizuri na answer au diagnosis.

Ila kama ripoti ni ya kisheria usiguse kabisa! Conclusive proof ni istilahi, kwenye Sheria ya Ushahidi ya Kenya jambo moja likitajwa kuwa conclusive proof ya jingine, ukishathibitisha lile la kwanza mahakama hairuhusu tena ushahidi wa kulikanusha la pili, sasa ukiweka convincing hapo umeharibu maana nzima.

Kinyume chake ni inconclusive, sio unconclusive, kama vile majibu ya maabara yasiyoonyesha ndiyo wala hapana. Na concluding ni kitu kingine, concluding chapter ni sura ya mwisho tu.

Tupia hapa sentensi yenyewe tuiangalie.