Maswali ya wasomaji: Mwenyekiti anataka tuachane na programu huria

SWALI: Habari za kazi. Mi ni afisa tehama wa saccos moja hapa Morogoro, kitengo kizima niko peke yangu. Akiba na mikopo ya wanachama tunaendesha kwa Fineract, mfumo huria wa akiba na mikopo, aliyetufungia ni kijana mmoja ambaye alishahama kikazi na alibadilisha vitu vingi ndani ili riba ihesabiwe tunavyotaka sisi. Seva inatumia mfumo endeshi wa CentOS 7 (aina ya Linux). Sasa mwenyekiti wa bodi kasikia kwamba programu huria msimbo wake uko wazi kila mtu anausoma, anasema wadukuzi watatumaliza tununue ya kampuni. Mhasibu naye kila nikiomba bajeti anasema si ni ya bure, hela ya nini? Nimsikilize nani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pole ndugu yangu. Mwenyekiti ana haki ya kuogopa ila anachokiogopa sicho. Mwambie habari ya Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza rekodi za mikopo, mwaka 2017 iliibiwa taarifa za watu kama milioni 147 na wezi walipitia Apache Struts, ya kutengenezea tovuti, ambayo ni programu huria kweli, lakini angalia tarehe: tundu la usalama lilitangazwa na marekebisho yakatolewa mwezi Machi, wezi wakaanza kuchota Mei. Miezi miwili marekebisho yapo, bure, na pale kwao hayakuwekwa.

Na kununua hakumwokoi. Desemba 2021 lilipotangazwa tundu la Log4j, kile kipande cha programu za lugha ya Java kinachoandika kumbukumbu za matukio, waliokesha ni pamoja na wateja wa bidhaa za kulipia kama za VMware, manake kipande kilikuwa kimeshawekwa humo ndani na wengi wao hata hawajui. Kwa hiyo huria au ya kununua, swali ni lile lile, ndani kuna nini na nani kazi yake kufuatilia. Fineract ni Java pia, pitisha OWASP Dependency-Check, zana ya bure ya kukagua vipande, upate orodha ya vipande vyote na vipi vina matundu yanayojulikana, hiyo orodha ndo uipeleke kwenye kikao.

Ila kwakweli kilichonishtua kwenye barua yako ni CentOS 7. Ile ilifikia mwisho tarehe 30 Juni 2024, baada ya hapo hakuna marekebisho ya usalama, na hapo ndo pesa za wanachama zimekaa! Hamia AlmaLinux au Rocky Linux, ndo ndugu zake wa karibu hutapata shida kuzoea. Usiipandishe hiyo hiyo mliyonayo, jenga seva mpya pembeni, rudishia bakapu humo afu linganisha salio la kila mwanachama na la kule kwa zamani, hapo hapo utajua kama bakapu zenu zinarudi au ni mafaili tu yamejaa diski. Mkishaona sawa hamieni wikiendi, msiguse mwisho wa mwezi. Na nywila zote alizokuwa nazo yule kijana badilisha leo, simaanishi ni mtu mbaya, hata yeye mwenyewe inamlinda.

Yale mabadiliko ya riba yanahitaji muda. Mtu akishaugusa msimbo wa ndani kila apdeti inakuja kugongana na alichoandika, mwisho watu wanaogopa apdeti wanaacha kabisa, na nadhani nyie mmeshafika hapo. Linganisha msimbo wenu na toleo rasmi mlilotokea, faili kwa faili, uandike kila badiliko lilikuwa la nini. Mengine utakuta yanawezekana kwenye mipangilio ya bidhaa ya mkopo tu bila kuandika chochote, yatakayobaki yatolewe yakae kama moduli ya pembeni.

Mhasibu mwambie cha bure ni leseni. Seva ya majaribio, mkataba na mafundi wa nje wa kukusaidia, na mtu wa pili ndani ya ofisi anayejua mfumo, hivyo vinalipiwa, na huyo mtu wa pili mi naona ndo muhimu kuliko vyote. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuingia seva ukiwa mbali) kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu huria ya kubana mafaili, toleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alitumia zaidi ya miaka miwili kujenga imani kwenye mradi uliokuwa ukitunzwa na mtu mmoja, wa kujitolea, amechoka. Uwazi wa msimbo ndo ulisaidia mtu wa nje aufuatilie mpaka aupate, ila udhaifu ulikuwa ni ule wa kumwachia mtu mmoja kila kitu. Nyie mlikuwa na kijana mmoja, sasa mna wewe mmoja, ukiumwa je? Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawabana kulinda taarifa za wanachama, programu iwe ya kununua au ya kupewa.

SWALI: Mambo! Tuko vijana wanne Mombasa, tunaunda programu ya maduka ya dawa, vipande vingi vya msimbo tumetoa GitHub, tovuti ambako watu huweka msimbo wao. Kuna mteja hataki kusaini mpaka aone leseni. Tuanzie wapi?

JIBU: Mteja wenu yuko makini, msimkimbie. Fungueni faili ya leseni ya kila kipande. Leseni za MIT na Apache 2.0 hazina shida, bakisheni matangazo ya hakimiliki na maandishi ya leseni yenyewe. Kipande chenye leseni ya GPL mkikitumia wenyewe ndani ni sawa, ila mkimkabidhi mteja programu iliyojengwa na kipande hicho ana haki ya kupata msimbo, na kipande cha AGPL, leseni ndugu ya GPL, mkikibadilisha haki hiyo ipo hata kama anaitumia kupitia mtandao tu. Kibaya zaidi ni kisicho na leseni kabisa, watu hudhani ni cha wote kumbe kisheria mwenyewe hajakuruhusu kitu. Muandikieni aongeze leseni, asipojibu kitoeni muandike chenu kabla ya kusaini.