Mgonjwa wa Pumzi Anaposinzia

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya nje kidogo ya mji wa Moshi. Nikiwa zamu ya usiku nilimpokea bibi mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, aliyepikia kuni maisha yake yote. Nilimwekea oksijeni, kipimo cha kidoleni kikapanda hadi asilimia 98, naye akalala, nikashukuru kwamba amepata nafuu. Alfajiri alikuwa haamshiki kwa urahisi, tukampa rufaa. Je, ni dalili gani iliyonipita?

JIBU: Dalili iliyokupita, ndugu muuguzi, ni usingizi wenyewe. Mtu aliyekuwa akihema kwa shida, kisha akasinzia huku pumzi zake zikiwa fupi, mara nyingi hajapumzika bali amechoka, na hewa ukaa anayoshindwa kuitoa hujikusanya katika damu na kuiongezea asidi. Kipimo cha kidoleni husoma oksijeni peke yake, kwa hiyo 98 yako ingeweza kubaki palepale huku hewa ukaa ikizidi kupanda.

Kabla ya usingizi huo huweza kuonekana ishara ndogo ndogo: kuumwa kichwa, hasa asubuhi, mahangaiko, majibu yasiyolingana na swali, viganja vyenye joto, mapigo ya moyo yanayogonga kwa nguvu. Mwambie anyooshe mikono na kuinua viganja kama anayemzuia mtu. Vikianguka-anguka, hilo ni onyo zito. Kisha hesabu pumzi kwa dakika nzima, si kwa robo dakika ukazidisha kwa nne, jambo ambalo wengi wetu tumelifanya wodi ilipojaa. Pumzi zilizokuwa 30 zikishuka hadi 12 na mgonjwa haongei, hiyo si nafuu.

Kwa mgonjwa kama huyo, lengo la oksijeni huwa kati ya asilimia 88 na 92. Hata hivyo usiizime ghafla kwa hofu, maana kukosa oksijeni huua upesi zaidi. Ipunguze taratibu ukiangalia kipimo, mkalishe wima, mwite daktari, na uulize kama alipewa mofini, yaani dawa kali ya maumivu, au dawa ya usingizi.

Uthibitisho hupatikana katika damu ya ateri, yaani mshipa utoao damu moyoni, pH (kipimo cha asidi) ikiwa chini ya 7.35 na shinikizo la hewa ukaa likizidi milimita 45 za zebaki. Usingoje kipimo hicho ndipo uandike rufaa ya KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya Moshi, na katika barua onyesha kiasi cha oksijeni uliyompa, hesabu za pumzi, na saa aliyoanza kusinzia.