Magugu hayapimi udongo

SWALI: Bwana agronomo, shamba langu la soya hapa Walungu, Kivu Kusini, ni kama mashamba mawili. Juu mlimani soya ni fupi, majani ya njano, magugu machache. Chini karibu na nyumba soya imeshiba, lakini kishona nguo na ndago vimejaa. Muuza dawa alipita, akatazama magugu tu, akasema juu pamekosa urea, mbolea ya naitrojeni. Ninunue?

JIBU: Hapana, mama, usinunue. Chimbua kwanza miche mitano ya juu kwa jembe. Usiivute kwa mkono, vinundu, yaani vijivimbe vya mizizini wanamoishi vijidudu rafiki wa soya, vitabaki ardhini. Osha mizizi, kisha pasua vinundu kwa wembe. Vikiwa vyekundu ndani, vinanasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Vikiwa vyeupe au kijivu, au visipokuwepo kabisa, hapo ndipo pa kuanzia. Urea itaufanya mmea upunguze kuunda vinundu, na magugu nayo yataila.

Kinachonichosha ni watu hawa wanaochuma gugu na kukutajia ugonjwa wa udongo. Gugu linaota pale mbegu ilipofika. Kishona nguo hunasa kwenye sketi na manyoya ya mbuzi, ndiyo maana hufuata njia. Ndago ukiikatakata kwa jembe, viazi vyake unavisambaza mwenyewe. Karibu na nyumba mmetupa majivu, samadi na maganda miaka mingi, na mvua inashusha huko udongo wa juu pamoja na mbegu zake. Kwa hiyo chini rutuba na magugu vimekutana, lakini si magugu yaliyoleta habari hiyo. Na gugu halisemi kama mlimani panakosa fosforasi, chakula kingine cha mmea, au pamejaa asidi. Walungu udongo mwingi ni wa zamani, mwekundu, wenye asidi, unaoshika fosforasi isifike kwenye mizizi. Asidi hiyo huvitesa hata vijidudu vya vinundu.

Chukua udongo sehemu kumi au zaidi juu, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea wala majivu, ubaki na nusu kilo. Fanya vilevile chini, kwenye mfuko wake. Ukichanganya mifuko miwili utapimiwa shamba ambalo halipo. Ulizia kipimo kwenye INERA Mulungu, kituo cha utafiti wa kilimo, au vitivo vya kilimo hapa Bukavu. Chokaa ya kupunguza asidi nayo usimwage kwa kukisia.

Palilia wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, juu pia: soya fupi haifuniki udongo, na magugu machache hupata jua muda mrefu.

Na hili nawaambia wote, kuanzia Kabare hadi Uvira: atakayewauzia chupa moja ya kutibu kila shamba hajaliona shamba lenu. Hata dawa ya kweli ya vinundu ni vijidudu hai. Hupakwa kwenye mbegu kivulini, na kupandwa siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu. Pakiti iliyoanikwa juani sokoni imekwisha kufa. Iacheni hata mkipewa kwa nusu bei.