Mama mbele ya baraza la nidhamu

SWALI: Ndugu Mhariri, filamu nyingi za shule nilizotazama zina hadithi ileile: mwalimu mgeni anaingia katika darasa la watoto wa maskini, anawapa vitabu, na hadi mwisho wote wamekuwa wasomi. Nimefundisha kwa miaka mingi na sijaona mambo yakienda hivyo. Je, ipo filamu inayoonyesha kwamba lugha ya darasani yenyewe inaweza kumtenga mtoto wa tabaka la chini?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Ipo, Mwalimu. Itafute *Entre les murs*, yaani "Baina ya kuta", filamu ya Kifaransa ya mwongozaji Laurent Cantet iliyotwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, mwaka 2008. François Bégaudeau, aliyewahi kufundisha na ambaye kitabu chake ndicho kilichozaa filamu hiyo, anaigiza mwalimu wa Kifaransa, na wanafunzi ni vijana wa shule halisi ya Paris, wengi wakitoka katika familia za wahamiaji.

Somo la msamiati linatosha kukuonyesha ninachokisema. Mwalimu anaandika ubaoni sentensi ya mfano kuhusu mtu anayeitwa Bill, na wasichana wawili wanamkatiza: kwa nini kila siku ni majina ya namna hiyo, kwa nini asiwe Aïssata? Baadaye anapofundisha umbo la kitenzi ambalo siku hizi hukutwa zaidi vitabuni kuliko midomoni, wanafunzi wanamwambia kwamba hakuna anayezungumza hivyo, kwamba hayo ni mambo ya mabwanyenye. Ajabu ni kwamba hawezi kuwakanusha. Hapo sarufi imeacha kuwa sarufi. Imekuwa swali la nani anamiliki lugha, na watoto wameliuliza vizuri kuliko wataalamu wengi wa elimu.

Kisha mwalimu mwenyewe anateleza. Kwa hasira anawaambia wasichana wawili wawakilishi wa darasa kwamba wamejiendesha kwa namna fulani, akitumia neno la mtaani ambalo kwake ni msichana anayechekacheka kipumbavu, lakini kwao ni malaya. Wanafunzi hurekebishwa kila siku kwa ajili ya maneno yao. Yeye anapokosea, anajitetea kwa kueleza maana aliyoikusudia.

Vurugu inayofuata inamfikisha Souleymane, kijana wa familia ya Kimali, mbele ya baraza la nidhamu. Mama yake hajui Kifaransa, na baraza halina mkalimani, kwa hiyo mshtakiwa mwenyewe ndiye anayetafsiri. Mama anasema kwamba ni mtoto mwema anayemsaidia kazi za nyumbani, naye kijana anayatamka maneno hayo ya kumsifu mbele ya watu watakaopiga kura ya kumfukuza, na wanamfukuza. Sijaona filamu iliyolieleza suala lako kwa dakika chache namna hiyo.

Ama vitabu, mwanafunzi mmoja mtundu anaeleza mwishoni kwamba amesoma *Jamhuri* ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kitabu alichokipata kwa dada yake, wala si kwa mwalimu. Siku hiyohiyo ya kufunga shule, wenzake wakiwa wamekwisha kutoka, msichana mwingine mpole anakwenda mezani kwa mwalimu na kumwambia kwamba mwaka mzima hakujifunza chochote.